TV ya babu ni ya mwaka gani?

Wiki mbili hizi sijaandika programu hata moja. Nilikuwa nimezama ndani ya TV ya marehemu babu, sanduku la mbao la Philips lililokaa sebuleni kwake Mombasa tangu sijazaliwa. Nimeirithi mimi, lakini mjomba amepata mtu wa kuinunua kwa shilingi 30,000. Bei hiyo inatokana na hadithi tuliyokua nayo: kwamba babu alitazama sherehe za Uhuru, Desemba 1963, kwenye TV hii.

Mimi ni mtu wa kompyuta, data isiyo na tarehe siiamini. Nikamwita fundi mzee, tukafungua mgongo wake. (Msijaribu wenyewe! TV hizi huweza kubaki na maelfu ya volti hata zikishachomolewa.)

Ndani mna vali, vile vichupa vya kioo vilivyofanya kazi kabla ya transista. PCL85, PY88 na nyingine. Herufi P ya mwanzo maana yake nyuzi za ndani hupashwa moto kwa miliampea 300, na vali zote zimeungwa kwa mfululizo. Moja ikiungua, zote zinazimika. Kama umewahi kutafuta kosa moja katika mistari elfu ya programu, muonee huruma fundi.

Chini kabisa ya kioo kuna maandishi madogo ya kijivu: kiwanda, mwaka, mwezi, wiki. Nikasoma B8D2. B ni kiwanda cha Mullard, kampuni ya Philips, kule Blackburn, Uingereza. D ni Aprili. Na 8? Mwaka una tarakimu moja tu! Mliohangaika na Y2K chekeni. 1958, 1968 au 1978?

Vali nne zina 8. Ya tano ina 3, hiyo bila shaka ilibadilishwa baadaye. Pembeni mna transista pia, kwa hiyo 1958 haiwezekani. Na picha ya harusi ya mama, 1974, inaonyesha TV hii hii nyuma ya bibi harusi. Basi ni 1968, miaka mitano baada ya Uhuru.

Tena televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini Nairobi. Mombasa ilipata kituo chake 1970. Hata kama babu angekuwa na TV mwaka 1963, angetazama chenga tupu. (Chenga ndizo anazoonyesha leo pia, tangu mitambo ya analogi ilipozimwa 2015.)

Nikampigia bibi simu. Baada ya shikamoo nikamuuliza pole pole. Akacheka.

"Uhuru tuliusikia redioni, kwa jirani. Kwenye hiyo TV tulitazama mazishi ya Mzee Kenyatta. Watu walijaa mpaka dirishani, babu yako akakosa pa kukaa nyumbani kwake."

Hiyo ni Agosti 1978. Nadhani umati ule ndio uliobaki vichwani mwetu, kisha mtu akaubadilishia sherehe.

Nimemwandikia mnunuzi ukweli wote, pamoja na picha ya B8D2. Ameshuka hadi 8,000. Mjomba hapokei simu zangu, na TV iko hapa mezani, karibu na kompyuta.