Ramani Iliyofuata Nyayo za Ugonjwa

Katika somo letu la historia leo hatutazungumza juu ya wafalme wala vita. Tutazungumza juu ya ramani moja iliyoanzia hapa kwetu Afrika ya Mashariki, ikawasaidia waganga kuujua ugonjwa wa kansa, ambao wengine huuita saratani. Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, itandazeni ramani ya Afrika mezani, kila mtu aione.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa na mwenzake, Daktari Hugh Trowell, amtazame mtoto mmoja. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Baada ya majuma machache Burkitt alikwenda Jinja, na huko akamkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule, tena ana uvimbe mwingine tumboni. Ugonjwa huu hukua upesi mno, na kisu cha mganga hakikuweza kuushinda.

Basi Burkitt akajiuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeweza kuliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Akapiga chapa karatasi zenye picha za wagonjwa, akazipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni, sehemu nyingi za Afrika. Majibu yaliporudi, aliyatia alama kwenye ramani. Tazameni ramani yenu. Alama zile zilifanya mshipi mpana uliokatiza Afrika ya kati kutoka magharibi hadi mashariki, wenye mkia unaoshuka kufuata pwani hadi Msumbiji.

Lakini mshipi ule ulikoma wapi hasa upande wa kusini? Barua hazikutosha. Mwezi Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walifunga safari kwa gari kuukuu. Walikwenda maili 10,000 kwa majuma 10, wakapita Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mpaka Afrika ya Kusini. Katika kila hospitali walionyesha picha na kuuliza. Waliojibu "ndiyo" waliandikwa. Na waliojibu "hapana" waliandikwa vile vile. Angalieni jambo hilo, maana bila ya "hapana" ramani haina mpaka.

Walikuta nini? Kandokando ya maziwa na pwani, wagonjwa walikuwapo. Katika nchi za juu, zaidi ya futi 5,000 hivi, ugonjwa ulikuwa haba sana. Kwanza ilidhaniwa kwamba mlima wenyewe ndio kinga. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, hata nchi za chini zilikuwa salama. Mtaalamu mmoja, Alexander Haddow, akatambua kwamba jambo lenyewe ni baridi, wala si urefu wa mlima. Ugonjwa ulipatikana penye joto na mvua ya kutosha. Na penye joto na mvua ndipo penye mbu wengi.

Wakati huo huo, vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Lakini kirusi hicho kimo katika miili ya watu wazima walio wengi duniani, hata London kwenyewe. Mbona basi watoto wa huku ndio wanaougua? Wataalamu wakaona kwamba malaria inayomrudia mtoto mwaka mzima hudhoofisha kinga ya mwili wake, na kirusi kikapata nafasi.

Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa Mara ya Kaskazini, Tanzania, walipewa dawa ya malaria, klorokwini. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo wataalamu hawakusema kwamba jambo limethibitika. Huo ndio uaminifu wa elimu. Ramani hutuonyesha mahali pa kutafuta. Haituambii kwamba tumekwisha kupata.

Habari njema ni kwamba kansa hii husikia dawa. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka kwa dawa ambako kisu kilishindwa, na leo watoto wengi hupona wakiwahi. Kwa hiyo, mzazi ukiona taya au tumbo la mtoto linavimba, usingoje, na usidhani ni jino tu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa vikundi vijadiliane: katika wilaya yenu, ni ugonjwa gani unaoonekana upande mmoja na kukosekana upande wa pili? Chukueni karatasi, mchore vijiji vyenu, mtie alama. Kuuliza si ujinga. Kwaherini.