Kope bandia kwa macho ya ndani

Kope bandia ni nywele za kutengenezwa, za plastiki, hariri au manyoya ya mnyama, zinazobandikwa kando ya kope za asili ili jicho lionekane kubwa na wazi. Makala hii inaeleza namna ya kuzichagua kwa mtu mwenye macho ya ndani, yaani macho yaliyokaa nyuma ya mfupa wa nyusi, kwa kuangalia hasa mtaa wa Keshero mjini Goma, Kivu Kaskazini. Mtaa huo, ambao pia huandikwa Kyeshero, uko magharibi mwa mji, kwenye barabara ya Sake, na unashuka hadi Ziwa Kivu kwenye bandari na soko la Kituku. Wateja wake wa kope ni wale wale wa mji mzima: mabibi harusi na wasimamizi wao, wanakwaya, wanafunzi wanaohitimu, na akina mama wanaojiandaa kwa gwaride la Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi.

Ushauri mwingi unaozunguka duniani kuhusu kope bandia umeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, katika miji ya lami. Keshero ni tofauti kwa mambo mawili. Kwanza, Goma iko digrii 1.7 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linasimama karibu juu ya utosi, na mfupa wa nyusi unatupa kivuli chake moja kwa moja juu ya jicho. Pili, mji umejengwa juu ya mwamba wa volkano. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na vumbi jeusi la mawe yake halina msimu wa kupumzika, hasa kwa anayepanda pikipiki kwenda mjini na kurudi. Kivuli na vumbi hivyo ndivyo vinavyoamua ni kope zipi zinafaa Keshero, hata kabla ya kuzungumzia urembo.

Kuyatambua

Wapambaji wengi huchanganya macho ya ndani na macho yaliyofunikwa. Kwenye jicho lililofunikwa, ngozi iliyo chini ya nyusi inalegea na kushuka hadi kuficha kifuniko cha jicho. Mfupa hauna shida yoyote. Kwenye jicho la ndani, mfupa wenyewe umetokeza mbele, na mkunjo wa kifuniko umezama. Jaribio la haraka ni kusimamisha penseli wima, ncha moja kwenye nyusi na nyingine kwenye mfupa wa shavu. Ikiwa penseli inakaa bila kugusa kope na nafasi inabaki nyuma yake, jicho ni la ndani. Mtu anaweza kuwa na hali zote mbili, na umri huzidisha ile ya kufunikwa.

Jaribio jingine halihitaji chombo. Baada ya kupaka maskara kwenye kope za asili na kukaa muda kidogo, mtu atazame ngozi iliyo juu ya jicho. Nukta nyeusi zilizojipanga chini ya nyusi zinaonyesha kwamba kope zake mwenyewe tayari zinagonga mfupa, kwa hiyo kope bandia ndefu zilizopinda sana zitagonga zaidi.

Macho ya ndani ni umbo la kuzaliwa nalo. Macho yaliyokuwa ya kawaida jana na leo yamedidimia, hasa kwa mtoto anayeharisha, ni dalili ya kupungukiwa maji mwilini, na Goma, mji ulioona kipindupindu cha Julai 1994, unaijua dalili hiyo vizuri. Huyo anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya.

Mpindo kwanza, urefu baadaye

Kosa linaloonekana zaidi ni kudhani kwamba jicho lililoingia ndani linafunguliwa na kope zinazopanda juu. Mfupa wa nyusi ni kama paa la baraza: aliye chini yake akitaka kuonekana na wapita njia, asogee mbele, kwa maana akiruka juu atagonga dari. Kope iliyopinda sana hupanda, hugusa ngozi, na kupotelea kivulini. Kope yenye mpindo wa wastani hutoka mbele, hufika kwenye mwanga, na kulivuta jicho nayo.

Watengenezaji huonyesha mpindo kwa herufi. J karibu imenyooka; B imeinama kidogo; C ni ya katikati; D imepinda sana; L imelala chini kisha inainuka ghafla. Kwa macho ya ndani, B na C ndizo za kuanzia. D inafaa tu pale ambapo nafasi kati ya jicho na nyusi ni kubwa na kope za asili zinaelekea chini. L hupendekezwa zaidi kwa macho yaliyofunikwa, na kwenye jicho la ndani matokeo yake hayatabiriki.

Tatizo ni kwamba pakiti nyingi za bei nafuu hazina herufi, au zina namba isiyoeleza chochote. Muuzaji akisema, "Mama, hizi zote ni moja tu," mnunuzi aombe kuuona ukanda nje ya kisanduku na kuuegemeza kwenye kidole chake cha shahada. Ncha za kope zikitazama mbele, mpindo ni wa wastani. Zikigeuka kurudi kuelekea zilikotoka, aiache pakiti hiyo, hata kama picha ya juu yake inapendeza. Picha hizo kwa kawaida ni za jicho lisilo na mfupa wa kuligubika.

Kuhusu urefu, kipimo kizuri kilitoka mahali ambapo hapakuwa na nia ya kumpamba mtu. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Institute of Technology nchini Marekani, akiwemo David Hu, walichapisha vipimo vya kope za mamalia wa aina 22 pamoja na majaribio ya jicho la kuigiza kwenye mkondo wa upepo. Waliona kwamba urefu unaolinda jicho vizuri zaidi ni karibu theluthi moja ya upana wake. Kope za urefu huo hupunguza vumbi linalotua juu ya jicho na ukavu wake kwa takriban nusu. Zikizidi, huanza kuuongoza upepo uingie ndani. Jicho la mtu mzima lina upana wa karibu milimita 30, kwa hiyo theluthi ni milimita 10. Kwa anayepanda pikipiki kwenye barabara ya Sake, kipimo hicho kina maana kuliko mtindo wowote.

Bahati nzuri, milimita 10 zinatosha pia kwa uzuri. Kwenye macho ya ndani urefu mkubwa uwekwe katikati, juu ya mboni: milimita 10 au 11, huku pembe ya karibu na pua ikiwa na 7 au 8 na pembe ya nje 9. Mtindo wa kurefusha pembe ya nje, unaopendwa kwa sababu unafanya jicho lionekane kama la paka, hauwafai wengi wenye macho ya ndani. Uzito unakwenda pembeni na katikati inabaki gizani. Kope za milimita 14 na 16 zinazoonekana kwenye picha za harusi ni za saa chache na za ndani ya ukumbi. Bwana harusi akija na gari lililofungwa vioo, bibi harusi anaweza kuzimudu.

Uzi, rangi na wingi

Uzi unaoshikilia kope hupuuzwa, na kwa jicho la ndani ni muhimu karibu sawa na mpindo. Uzi mnene mweusi unachukua sehemu ya kifuniko ambacho tayari kinaonekana kidogo, na unaongeza giza palipo na kivuli. Uzi mwembamba usio na rangi ni bora. Kwa sababu hiyo hiyo, kope ziwe na nafasi kati yake, zikipishana ndefu na fupi, kuliko kushonana kama brashi. Wenye ngozi nyeusi iliyokolea hawana haja ya kope za kahawia. Nyeusi inatosha, mradi si nzito. Wanja uliopakwa ndani ya ukingo wa jicho, desturi ya pwani iliyofika hadi maziwa makuu, hulifanya jicho la ndani lionekane dogo zaidi, na ukichanganywa na kope bandia ni afadhali ubaki chini tu au uachwe.

Kope huuzwa kwa namna tatu: ukanda mzima, vifungu vidogo, na moja moja. Vifungu vidogo vitatu au vinne vilivyowekwa katikati na kuelekea nje kidogo ndivyo vinavyofaa zaidi kwa jicho la ndani kwa siku ya kawaida, maana kila kifungu huelekezwa peke yake. Za moja moja, zinazobandikwa juu ya ukope wa asili mmoja mmoja, hukaa wiki mbili hadi nne, kwa sababu kope za asili zenyewe huanguka na kuota upya. Zinadai fundi mwenye subira na mteja anayelala kifudifudi kwa nadra. Mwislamu anayetaka maji ya udhu yafike kwenye kope zake atachagua ukanda unaovuliwa, na amalize habari.

Kubandika

Ukanda hupimwa kabla ya gundi. Hulazwa kwenye ukingo wa kifuniko, ukianzia milimita chache kutoka pembe ya ndani, na kinachozidi hukatwa upande wa nje. Kisha uzi huzungushwa kwenye kidole ili ulainike. Gundi hupakwa nyembamba na kuachwa kwa nusu dakika hadi inate. Ikiwa mbichi, ukanda utateleza na kuingia kwenye mkunjo, na kwenye jicho la ndani kuutoa humo ni kazi.

Kioo kisishikwe mbele ya uso. Kiwekwe chini ya kidevu, mtu atazame chini ndani yake, ili kifuniko kinyooke na mfupa usizuie mkono. Kibano hushika ukanda katikati. Katikati ndiko kunakobandikwa kwanza, juu kabisa ya mizizi ya kope za asili, kisha pembe mbili. Ukibandikwa juu ya ngozi badala ya kwenye mizizi, kila kupepesa kutauvuta kuelekea ndani ya mkunjo, na jioni utakuwa umeng'oka.

Mpambaji mzuri hamwachi mteja aondoke hapo. Humwambia atazame mbele, acheke, kisha ainue macho bila kuinua kichwa. Ncha zikigusa ngozi chini ya nyusi, hupunguzwa moja moja kwa mkasi mdogo uliosimama wima. Mkasi uliolala huacha ukingo ulionyooka kama ufagio uliochakaa. Kisha mteja atoke nje ya mlango. Balbu ya saluni iko darini na inafanya kazi ile ile ya jua la saa sita, lakini mwanga wa nje huonyesha kama rangi ni nzito kupita kiasi.

Madhara

Gundi za ukanda mara nyingi zina utomvu wa mpira, na baadhi ya watu huwashwa nao. Gundi za kope za moja moja ni sianoakrilate, jamii moja na gundi kali ya kubandikia viatu, ingawa zimetengenezwa kwa ajili ya kope. Gundi ya viatu yenyewe isikaribie jicho hata kama muuzaji anaapa. Tone dogo lijaribiwe nyuma ya sikio saa 24 hadi 48 kabla ya siku yenyewe. Uzito wa kupindukia, ukivaliwa mfululizo, huzivuta kope za asili hadi zinaacha kuota. Uchafu unaokusanyika kwenye mizizi, na Goma uchafu huo ni vumbi la mawe pamoja na moshi wa makaa jikoni, huleta uvimbe wa kingo za jicho na vijipu.

Madhara haya si mapya. Mwaka 1911 Anna Taylor wa Kanada alipata hataza ya kope bandia. Miaka mitano baadaye, katika filamu ya Intolerance ya D. W. Griffith, mwigizaji Seena Owen alibandikwa kope za nywele za binadamu zilizofumwa kwenye kitambaa chepesi, na macho yake yakavimba. Leo sehemu kubwa ya kope za dunia hutengenezwa Pingdu, katika jimbo la Shandong nchini China, na baadhi huishia kwenye meza za wauzaji wa Goma, kuanzia Birere hadi Keshero. Afrika Mashariki suala hili limefika hadi bungeni: Septemba 2018 Spika wa Bunge la Tanzania wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini Dodoma na kope na kucha bandia, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, kueleza madhara yake. Marufuku ilizua mjadala. Ilihusu ukumbi mmoja, na maduka yaliendelea kuuza.

Ukanda uliovuliwa kwa mafuta mepesi, ukasafishwa gundi na kurudishwa kwenye kisanduku chake, unaweza kuvaliwa tena mara kadhaa. Usiazimwe, hata kati ya dada na dada wa nyumba moja. Na jicho likiwa jekundu, linauma au linatoa usaha, kope zivuliwe siku hiyo hiyo na mwenyewe aende kwa daktari wa macho, si kwa mpambaji.