Ufunguo wa Kabati

Mama yangu ana funguo saba kwenye kamba ya kiatu. Ule mdogo kabisa ni wa kabati la chuma katika shule ya msingi anakofundisha, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka soko la Ekerenyo. Ndani ya kabati mna tabuleti za serikali. (Kwa Ekegusii mama huitwa baba, na baba ni tata. Nikimpigia simu nikiwa kwenye matatu Nairobi, abiria hugeuka. Humu nitamwita mama tusichanganyane.)

Nilirudi nyumbani baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya hamu. Mama alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na alikuwa amejisajili KEMI kusomea stashahada ya usimamizi wa elimu, kwa sababu alitaka siku moja kuongoza shule yake. Basi kazi yangu ya kwanza ya kuandika kwa malipo ikawa hiyo: yeye anaandika insha zake kwa kalamu, mimi nachapa katika saiba ya sokoni, shilingi 20 kwa ukurasa. Bei ya familia. Insha ninayoikumbuka ilihusu utunzaji wa mali ya shule. Nilichapa neno "kufunga" mara nyingi kuliko neno "kufundisha", na hapo nikaanza kuchimba.

Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes kule Kabete. Jina lilitokana na Anna Jeanes, Mquaker wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani Weusi. Walimu walienda Kabete na wake zao, kisha wakarudishwa mashambani kuzunguka shule ndogo ndogo na kuwaonyesha wenzao namna ya kufanya kazi. Sina hamu ya kuusifu mpango wa kikoloni. Ulimtaka Mwafrika abaki na jembe lake. Ila kiongozi wa shule pale alikuwa mtu wa kutembea na kuonyesha. Mwaka 1961 mahali pale pakageuzwa chuo cha kufundisha maafisa wa serikali.

Halafu ikaja redio. Babu yangu alifundisha enzi za vipindi vya shule vya Sauti ya Kenya. Shule yao ilikuwa na redio moja, na redio ililala kwa mwalimu mkuu, eti kwa usalama. Betri zilianikwa juani zipate nguvu, kisha jioni zikamalizwa na taarifa ya habari. Kati ya 1980 na 1985 ulifanyika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza hadi la tatu: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti. Watafiti duniani bado wanautaja. Babu anataja betri tu.

Wakati huohuo, mwaka 1981, serikali ilianzisha KESI, ambayo mwaka 2010 iliitwa KEMI. Ilihitajika kweli. Mwalimu hodari alikuwa akikabidhiwa shule, pesa na wafanyakazi bila kufundishwa uongozi.

Ya 2013 unayajua: kila mtoto wa darasa la kwanza aliahidiwa kipakatalishi. Zabuni ikaishia kortini, ahadi ikageuka tabuleti, na mwaka 2016 majaribio yakaanza katika shule 150. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000: tabuleti za watoto, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na mashine ya kuhifadhi masomo. Kabla havijafika, shule ziliweka vyuma madirishani. Kikipotea kimoja, anayejibu ni mwalimu mkuu. Sasa wewe ungefanya nini? Ungefunga pia.

Lakini teknolojia iliyobadilisha shule zetu kweli haikuingia darasani. Iliingilia ofisini. Mwaka 2016 walimu walianza kujazia tathmini zao, TPAD, kwenye mtandao. Mwaka 2017 ikaja NEMIS, na mtoto asiyekuwa kwenye mfumo akawa hana mgao wake, shilingi 1,420 kwa mwaka kwa shule ya msingi. Hapo ndipo walimu wenye mvi walianza kupiga foleni saiba saa mbili usiku, wameshika vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, wakimwambia kijana kama mimi, "Niingizie hawa." Tuliwaingizia. Tulijua hata paswadi zao.

Mama alikuwa mmoja wao, hadi alipochoka. Jioni moja aliketi akaniambia nimfundishe. Nilikuwa mwalimu mbaya. Kila akikwama nilinyakua kipanya, nikabofya haraka haraka, nikasema, "Umeona?" Siku ya tatu aliweka mkono juu ya wangu. Amefundisha miaka 27.

"Ukikichukua kutoka mkononi mwangu, nani amejifunza?"

Wiki iliyofuata aliacha kunilipa ile 20. Iliniuma, sitadanganya; ndiyo ilikuwa nauli yangu.

Muhula uliofuata aliomba kufungua kabati kila Jumatano kwa watoto wa Gredi ya 3. Mkuu wake akamuuliza, "Ikivunjika moja, utalipa?" Alitia sahihi kwamba atajibu yeye, akijua faili yake ya kupandishwa cheo ingepitia mikononi mwa huyohuyo. Tabuleti nyingi zilikataa kuwaka. Betri hufa hata kwa kufungiwa. Zilizowaka alizigawa watoto watatu kwa moja, akatembea katikati ya madawati, mikono nyuma.

Jumatano ya tano mtoto aliangusha moja, kioo kikapasuka. Usiku huo mama alikaa saiba akiandika barua ya maelezo kwa vidole viwili. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza aliniita nisome. Kulikuwa na kosa moja, mstari wa pili, herufi imerudiwa. Nikanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Niambie iko wapi," akasema. "Nitaitoa mwenyewe."