Sitaha na Pwani: Manowari za Makumbusho kama Nusu ya Ushahidi

Utangulizi

Anayekwenda Uingereza kwa likizo hakosi kuelekezwa kwenye manowari za kale. Bandarini Portsmouth ipo HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, ikapigana Trafalgar mwaka 1805 na kuingizwa chelezoni mwaka 1922. Jirani yake yamehifadhiwa mabaki ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Jijini London, HMS Belfast imekuwa ikipokea wageni katika mto Thames tangu mwaka 1971. Mgeni hupanda ngazi, huinama kupita milango mifupi, hushika chuma cha mzinga, kisha huteremka akiamini ameiona vita ya majini.

Makala haya yanadai kwamba alichokiona ni nusu. Manowari iliyohifadhiwa ni ushahidi wa upande wa aliyefyatua. Ushahidi wa upande wa pili uko pale makombora yalipotua, mara nyingi katika nchi nyingine, na mara nyingi pasipo jengo wala mlinzi wa kuutunza. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoja hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa pwani yetu imejaa mahali pa namna hiyo.

Kinachoonekana sitahani

Tuanze na Belfast, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia zaidi kuliona tatizo hili. Ina mizinga 12 ya inchi 6, mitatu katika kila mnara. Minara miwili ya mbele imeelekezwa kaskazini-magharibi, kwenye kituo cha mapumziko cha wasafiri kando ya barabara kuu ya M1, takriban kilomita 20 kutoka mtoni. Mgeni anapoelezwa hivyo hushtuka: kumbe kombora lingeweza kuvuka jiji zima. Kwa dakika moja mawazo yake huondoka sitahani na kwenda linakotua.

Hata hivyo, kituo hicho hakijawahi kupigwa na Belfast. Manowari hii ilipiga pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944, na ilifyatua maelfu ya makombora kuelekea nchi kavu katika Vita vya Korea. Tarehe 26 Desemba 1943 ilikuwa miongoni mwa meli zilizoizamisha Scharnhorst ya Ujerumani. Kati ya watu zaidi ya 1,900 waliokuwamo, walionusurika ni 36. Katika mfano wa barabara kuu, mgeni hujifunza umbali ambao mzinga unafikia. Aliyefikiwa hamjui.

Haifai kuwalaumu watunzaji kwamba wanaficha. Kizuizi kimo katika aina yenyewe ya makumbusho. Meli ni nyumba: ina jiko, vitanda vya kuning'inia, chumba cha daktari na mtambo. Anayetembezwa ndani ya nyumba huwahurumia waliokaa humo. Huruma hiyo ni halali, kwani mabaharia wengi walikuwa vijana wa kazi ngumu na malipo haba. Lakini huruma huishia kwenye kingo za sitaha, na makombora hayakuishia hapo.

Unguja, 1896

Mfano ulio karibu nasi ni wa tarehe 27 Agosti 1896. Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akajitawaza bila idhini ya Waingereza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi aondoke katika kasri. Muda ulipokwisha, manowari za Uingereza zilizotia nanga mbele ya kasri zilianza kufyatua. Haikutimia saa moja, mapigano yakawa yamekwisha. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. HHS Glasgow, meli ya Sultani iliyoundwa Uskochi, ilizamishwa hapo hapo bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi.

Manowari zilizopiga siku hiyo, St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon, hazipo tena. Anayetaka kuona chombo cha kizazi hicho aende Chatham, ilikohifadhiwa HMS Gannet ya mwaka 1878, yenye tanga na injini ya mvuke, ambayo mwaka 1888 ilitumwa kuilinda Suakin katika Bahari ya Shamu. Akisimama juu yake ataelewa jinsi dola ilivyoweza kuushurutisha mji mzima kwa chombo kidogo na watu wachache. Hataelewa ilikuwaje kuwa mjini.

Ili aelewe hilo, inambidi asimame Forodhani. Hapo pia atakuta tofauti nyingine. Victory imekuwa ikifanyiwa ukarabati kizazi baada ya kizazi. Beit al-Ajaib, jumba la hapo Forodhani lililosalimika na mizinga ya 1896, lilibomoka sehemu mwezi Desemba 2020. Kwa hiyo usawa unakosekana mara mbili: kwanza katika vita vyenyewe, kisha katika uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu zake. Utajiri uliojenga manowari ndio unaozitunza leo, na msafiri asiyelijua hilo atadhani upande wenye makumbusho mengi ndio wenye historia nyingi.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba hoja hii inaigawa historia kirahisi mno: Mzungu sitahani, Mwafrika ufukweni. Pingamizi hili lina nguvu, na ushahidi wa pwani yenyewe unaliunga mkono. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengeneza boila zake. Königsberg ya Wajerumani ilitokea na kuipiga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kujibu. Mabaharia 38 wa Kiingereza walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani. Bandari ileile iliyoshuhudia Waingereza wakipiga mwaka 1896 iliwashuhudia wakipigwa.

Sitaha nazo hazikuwa za watu wa taifa moja. Katika karne ya 19 Jeshi la Majini la Uingereza liliwaandika watu wa pwani hii, waliojulikana kama masidi, wachochee makaa na kuvuta makasia katika doria za Bahari ya Hindi. Belfast ilikuwa na wafanyakazi Wachina. Kombora lilipoipiga meli hiyo karibu na pwani ya Korea mwaka 1952, aliyeuawa alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo sitaha na pwani ni mahali pa kutazamia, na mtu wa taifa lolote angeweza kujikuta upande wowote. Pingamizi linaisahihisha hoja yetu bila kuiangusha: bado anayetazama kutoka sitahani pekee hawezi kuijua pwani.

Mombasa kama kielelezo

Baada ya kuipiga Pegasus, Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari za Uingereza, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege zilizoangalia makombora yalipoangukia. Wajerumani waliing'oa mizinga yake 10. Waafrika kwa mamia waliikokota hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kutumika katika vita vya bara. Mmoja uko Pretoria. Mwingine uko katika ngome ya Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Hapa Mombasa ina jambo ambalo Portsmouth na London hazina: silaha za mahasimu wawili katika uwanja mmoja, kwenye pwani waliyoigombea. Ndani ya ngome hiyohiyo vimo vitu vilivyoopolewa kati ya 1977 na 1980 kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyoundwa India na kuzama mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa. Mgeni anaweza kutazama vitu hivyo, kisha akapanda ukutani na kuyaona maji ilimozama. Chombo, ngome na bahari vinafafanuana.

Kinachohitajika ni kuwaingiza waliokokota. Mzinga wa Königsberg usielezwe kwa ukubwa wa tundu na jina la meli tu; uelezwe pia kwa njia uliyopitishwa kutoka Rufiji na kwa wapagazi walioupitisha. Maelezo ya namna hiyo hayahitaji chelezo wala fedha za kukarabati merikebu. Yanahitaji utafiti wa nyaraka na wa masimulizi ya vijiji vya Rufiji, kazi ambayo vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya vina wataalamu wa kuifanya.

Hitimisho

Msafiri hahitaji kuzisusia manowari za Ulaya. Azipande, ajifunze ufundi wake na awaheshimu walioteseka ndani yake. Ila kabla ya kuteremka aulize chombo hiki kilipiga wapi, na safari inayofuata aipangie huko. Watunzaji wa Portsmouth, London na Chatham wanaweza kumrahisishia kwa kutaja mahali hapo kwa majina. Sisi wa upande wa pili tuna wajibu mzito zaidi, kwa sababu akifika Forodhani au Fort Jesus na kukosa maelezo, ataondoka na simulizi ya sitahani kama ndiyo pekee, na hatutakuwa na wa kumlaumu.