Picha iliyofutwa ilivyofungiwa njia ya kurudi

Picha zilikuwa kwenye kadi au kwenye simu yenyewe? Hilo ndilo swali la kwanza la fundi simu anayeijua kazi yake, awe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, mteja anapomweleza kwamba amefuta picha za harusi, za mtoto au za mzazi aliyekwisha fariki. Jibu huamua karibu kila kitu. Kwenye kadi, kazi ipo. Kwenye simu yenyewe, hasa iliyonunuliwa miaka ya karibuni, mara nyingi hakuna la kufanya. Wateja wengi hawaliamini jibu hilo. Wanamkumbuka shemeji aliyerudishiwa picha zake zote miaka ile, na kila siku wanakutana na matangazo ya programu zinazoahidi jambo hilohilo. Shemeji hakusema uongo. Simu ndizo zilizobadilika, na zilibadilishwa makusudi.

Kisa chenyewe kinaanza kabla simu haijawa na kamera. Kompyuta ya IBM PC ilitoka mwaka 1981 ikiwa na mfumo wa DOS, na DOS ilikuwa na namna yake ya kufuta. Ukiiamuru ifute faili, haikugusa kilichomo ndani. Iliingia kwenye orodha ya mafaili, ikaiondoa herufi ya kwanza ya jina na kuweka alama maalumu mahali pake, kisha ikaandika kwenye jedwali lake kwamba nafasi ile sasa ni huru. Ni sawa na karani wa ardhi kulikata jina la mwenye kiwanja daftarini wakati nyumba bado imesimama. Maandishi, hesabu, kila kitu kilibaki kwenye diski hadi siku faili jingine litakapoandikwa juu yake. Ilifanywa hivyo kwa sababu ya kasi: kubadili herufi moja ni kazi ya kufumba na kufumbua, kufuta kurasa mia si hivyo.

Mmarekani Peter Norton, mtunzi wa programu, alilitambua hilo baada ya kufuta faili muhimu kwa bahati mbaya. Badala ya kuingiza data upya, alitunga programu ya kulirudisha. Aliiita UnErase, nayo ikawa kiini cha Norton Utilities iliyoingia sokoni mwaka 1982 na kumtajirisha. Kwa kuwa herufi ya kwanza ya jina ilikuwa imeshaondolewa, mwenye faili aliulizwa aitaje mwenyewe, kisha faili likarudi. Mwaka 1991 Microsoft nayo iliingiza amri ya UNDELETE ndani ya MS-DOS 5.0, na tangu hapo kurudisha kilichofutwa kukaonekana ni haki ya kila mwenye kompyuta.

Mfumo huo wa mafaili unaitwa FAT, na ndio ulioziunganisha kompyuta za ofisini na picha za familia. Kamera za dijitali zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, watengenezaji walihitaji kadi inayosomeka kwenye kompyuta yoyote, wakachagua FAT. Kadi ya SD, iliyobuniwa mwaka 1999 na Toshiba, SanDisk na kampuni ya Japani inayomiliki jina la Panasonic, ilirithi tabia zote za DOS, pamoja na ile ya kufuta bila kufuta. Kwa hiyo mbinu ya mwaka 1982 ilifanya kazi vizuri kabisa kwenye picha za sherehe za mwaka 2002.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mfaransa Christophe Grenier alitunga PhotoRec, programu ya bure ambayo mafundi wengi duniani wanaitumia hadi leo, na ambayo haijishughulishi na orodha ya mafaili hata kidogo. Inaisoma kadi yote kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za picha zenyewe. Kila picha ya JPEG huanza na baiti mbili zilezile, FF D8, na kuishia na FF D9. Ukiuona mwanzo, umeipata picha, hata kama orodha imeharibika au kadi imefomatiwa. Gharama yake ni majina: kila faili linalotoka hupewa herufi f na namba ya sekta lilikookotwa. Mwenye picha elfu tatu anazipata bila majina, zikiwa zimechanganyika na takataka za miaka mingi. Nyingine hutoka nusu, juu sura ya bibi harusi na chini ukungu wa kijivu, kwa sababu kipande cha pili kilikuwa kimehifadhiwa mahali pengine kwenye kadi. Mara nyingine inayotoka ni picha ndogo tu, kubwa ikiwa haipo. Hiyo ni nakala ndogo ambayo kamera huificha ndani ya faili la picha ili iweze kuonyeshwa haraka kwenye skrini.

Simu janja za mwanzo ziliingia moja kwa moja kwenye utaratibu huo. HTC Dream ya mwaka 2008, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno ya ndani, na picha zake zilikaa kwenye kadi ya microSD ndani ya folda iliyoitwa DCIM, jina lililotoka kwenye kamera. Ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ilionekana kama flashi yoyote. Kwetu, simu za bei nafuu zenye laini mbili na nafasi ya kadi ndizo zilizojaza masoko, na fundi mwenye kompyuta moja na kifaa cha kusomea kadi aliweza kumfuta mtu machozi kwa kazi ya nusu saa. Huo ndio wakati wa shemeji. Naamini wengi hawakuelewa hata wakati huo kwa nini ilikuwa rahisi vile, na hapakuwa na sababu ya kuuliza.

Lakini mlango ulioachwa wazi kwa mwenye picha ulikuwa wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 za kompyuta zilizotumika, na mwaka 2003 wakachapisha walichokikuta. Katika diski 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta barua za watu, taarifa za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Onyo hilo lilisomwa na wataalamu, na wauzaji wa simu zilizotumika wakaendelea na biashara yao.

Mwaka 2014 kampuni ya usalama ya Avast ilirudia jaribio hilo kwa simu. Ilinunua 20 za Android mtandaoni, zote zikiwa za watu walioamini wamezifuta, na ikatoa humo picha zaidi ya 40,000. Zaidi ya 1,500 zilikuwa za familia zenye watoto. Zaidi ya 750 zilikuwa za wanawake wakivua au kuvaa nguo. Mwaka uliofuata Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizipima simu 21 zilizotumika, zenye Android kuanzia toleo la 2.3 hadi la 4.3, wakakadiria kwamba huenda simu milioni 500 duniani hazikuwa zikifuta ipasavyo hata mwenyewe anapoirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Afrika Mashariki, simu hupita mikono mitatu au minne kabla ya kufa, na nyingi hufika Dar es Salaam au Mombasa kupitia Dubai zikiwa zimeshatumika kwingine. Kwa hiyo jambo hilo lilituhusu mara mbili: picha za wageni zilikuwa mifukoni mwetu, na za kwetu zilikuwa mifukoni mwa tusiowajua. Mimi sioni hasara yoyote ya fundi au mteja inayolingana na hiyo.

Kufungwa kwa mlango kulikuja kwa hatua, na hatua ya kwanza haikuhusu siri za mtu. Kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitangaza mwaka 1984, haikubali kuandikwa juu ya kilichopo. Lazima kwanza isafishwe bloku nzima, na kusafisha ni kazi ya polepole. Ndiyo maana simu zilikuwa zikichoka kadiri zilivyojaa. Tiba yake ni amri inayoitwa TRIM, ambayo mfumo huitumia kuiambia chipu ni sehemu zipi hazihitajiki tena, ili chipu izisafishe mapema. Android 4.3 ya Julai 2013 ilileta utaratibu wa kufanya hivyo simu inapokuwa imetulia, na simu nyingi hutulia usiku zikiwa kwenye chaji. Picha uliyoifuta jioni, ukapanga kumpelekea fundi asubuhi, inaweza kusafishwa ukiwa usingizini.

Hatua ya pili ndiyo iliyomaliza kazi. Apple ilianza mwaka 2009 na iPhone 3GS kuzifunga data kwa ufunguo wa kihesabu, na mwaka uliofuata iOS 4 ikaongeza ulinzi wa faili mojamoja, kila faili na ufunguo wake. Faili likifutwa, ufunguo wake huondoka nalo. Hata baiti zikibaki kwenye chipu, hakuna FF D8 ya kutafuta, kwa sababu kilichoandikwa pale hakifanani na picha wala na kitu chochote. Google ilifuata na Android 6.0 ya mwaka 2015, ikiwataka watengenezaji wafunge data kwenye simu mpya zenye nguvu ya kutosha.

Maneno hayo, nguvu ya kutosha, yaliziacha nje simu nyingi za kwetu. Prosesa za bei ya chini hazikuwa na sehemu maalumu ya kufanya hesabu hizo, na kuzilazimisha kungezifanya zitambae. Februari 2019 wahandisi wa Google, wakiwamo Paul Crowley na Eric Biggers, walitangaza njia nyingine nyepesi waliyoiita Adiantum, iliyotungwa mahsusi kwa simu za bei nafuu zinazouzwa katika nchi zinazoendelea. Tangu Android 10 ya mwaka huohuo, kila simu mpya inayotoka na mfumo huo inapaswa kufunga data zake, ya bei kubwa na ya bei ndogo sawasawa. Nalitaja hili kwa furaha. Ni nadra mwenye simu ya bei ya chini kupewa ulinzi uleule wa mwenye simu ya mamilioni, na huu alipewa. Ila tangu hapo fundi alibaki na kadi tu.

Watengenezaji walijua kwamba vidole vitaendelea kukosea, kwa hiyo walipokuwa wakifunga mlango waliweka kapu. Septemba 2014, iOS 8 ilileta albamu ya picha zilizofutwa karibuni, zinazokaa siku 30 kabla ya kuondoka kabisa. Google Photos ilizinduliwa Mei 2015, na kapu lake leo hutunza picha zilizokwisha nakiliwa mtandaoni kwa siku 60, na zisizonakiliwa kwa siku 30. Android 11 ya mwaka 2020 ililiingiza kapu ndani ya mfumo wenyewe, ili programu mbalimbali za picha zilitumie. Kapu ndipo mahali pa kwanza pa kuangalia. Wapo wanaokwenda kulipa pesa dukani wakati picha zao zimelala humo, na wapo wanaolimwaga ili wapate nafasi, bila kukumbuka kilichomo.

Hata kapu lina visa vyake. Mei 2024, baada ya toleo la iOS 17.5, baadhi ya watu waliona picha walizozifuta miaka ya nyuma zikirudi kwenye simu zao. Apple ilitoa toleo la 17.5.1 ikieleza kwamba hitilafu ya hifadhidata ndiyo iliyozirudisha. Kufuta bado ni jambo linaloanzia kwenye orodha, kama ilivyokuwa kwa DOS, na orodha ikiharibika hukumu zake huharibika nayo.

Kwa wengi wetu kuna kapu jingine lisiloandikwa hivyo. Picha za msiba, za ubatizo au za maulidi hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo siku ileile, na nakala hubaki kwenye simu za mashangazi na binamu. Zimepunguzwa ubora, lakini zipo. Kuuliza kundini ni bure, na kunapaswa kutangulia programu yoyote ya kulipia. Programu nyingi kati ya hizo haziwezi kuvuka ukuta niliousimulia. Zinachofanya ni kukusanya nakala ndogo zilizobaki kwenye hifadhi ya muda ya simu, kukuonyesha ili upate matumaini, kisha kukudai malipo. Ukizikuza unapata sura zenye ukungu. Kuwauzia watu waliofiwa tumaini la namna hiyo ni jambo linaloniuma.

Kwenye kadi, ushauri wa zamani bado unafaa. Itoe mara moja, usipige picha nyingine, na urudishaji ufanywe kwenye kompyuta huku zinazopatikana zikihifadhiwa kwingine. Isipokuwa kama kadi yenyewe ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa simu, jambo ambalo baadhi ya simu huruhusu. Hapo inasomeka ikiwa ndani ya simu hiyohiyo tu.

Mafundi wenyewe wamehama. Zamani chipu ya kumbukumbu iliweza kung'olewa kwenye simu iliyokufa na kusomwa peke yake. Sasa haitoi kitu bila prosesa iliyozaliwa nayo, kwa hiyo simu iliyozama majini inapofika mezani, fundi hahangaiki na picha. Anahangaika kuifanya iwake: anabadili betri, anachomelea njia zilizokatika, au anahamisha prosesa na kumbukumbu yake pamoja kwenda kwenye bodi nyingine. Ikiwaka, hata kwa dakika chache, mwenyewe anaandika namba yake ya siri na picha zinanakiliwa. Lakini aliyefuta picha kwenye simu nzima isiyo na mkwaruzo, akalimwaga na kapu, fundi huyohuyo humrudishia simu yake bila kumtoza kitu.