Sonara Alijua Kabla ya Wote: Safari ya Pete ya Fedha Mpaka Soweto, Mbeya

Pita Soweto ya Mbeya jioni, saa zile machinga wanatandika turubai chini na baridi imeanza kuuma masikio. Utakutana na pete. Zinawaka kinoma chini ya taa, kwa ndani zimegongwa namba 925, na muuzaji anakuapia kwa mama yake kwamba ni silva orijino, bei ya chips mayai na soda. Unavaa, unapiga picha, unaposti. Wiki ya tatu kidole kimekuwa cha kijani kama umeshinda unachambua mchicha.

Hapo ndo watu humkumbuka fundi. Na fundi anayeijua kazi, ukimpa pete, hahangaiki na ile namba. Anaizungusha taratibu kwenye mwanga akitafuta kitu kimoja tu: kiungo. Yaani pale ncha mbili za pete zilipokutana zikaunganishwa kwa moto. Pete inaweza kudanganya kila mahali, ila hapo ni shida kidogo.

Namba yenyewe haina kosa. 925 maana yake ni kwamba katika sehemu 1000 za pete, 925 ni fedha na zilizobaki ni madini mengine, mara nyingi shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno, inapinda hovyo. Kosa ni kwamba nyundo ya kugongea namba haiulizi inagonga nini. Na kwa faida ya waliokwisha kuibiwa: fedha ya kweli ikichoka huwa nyeusi, inapokutana na salfa iliyomo hewani na kwenye jasho. Ule ukijani ni shaba inajitangaza.

Sasa historia ya mafundi hawa imejaa watu wasio na majina. Magavana wa Kijerumani na Kiingereza tunawajua mpaka sharubu zao. Aliyeitengeneza pete ya bibi yako hayumo kwenye kitabu chochote. Aliitwa sonara, basi, neno lililokuja na Wahindi, kwao likitokana na dhahabu. Waswahili wa pwani walikuwa na jina lao wenyewe, mfua fedha. Na pamoja na jina akapewa sifa moja mbaya ambayo haijafutika mpaka leo: kwamba anaiba. Ukimpa fedha gramu kumi, eti anachomoa mbili, anajazia shaba, anakurudishia kumi zilezile. Ndo maana wazee wengi walikaa palepale kibarazani wakimtolea macho mpaka kazi iishe.

Walikuwepo waliochomoa, tusidanganyane. Lakini kuna mwizi mwingine mkubwa kwenye stori hii, na masonara walimjua mapema kuliko wote.

Anzia kwenye lugha. Kiswahili kinasema fedha kwa maana mbili: ile metali nyeupe, na pesa ya kununulia. Si bahati mbaya. Kwa muda mrefu vilikuwa kitu kimoja. Pwani na Zanzibar, karne ya 19, watu walihesabu mali kwa reale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Mama huyo alifariki 1780, na sarafu zikaendelea kugongwa miaka na miaka zikiwa na mwaka huohuo, 1780. Moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, fedha sehemu 833 kwa 1000. Kwa mfua fedha hiyo haikuwa noti ya kuweka kibindoni tu, ilikuwa malighafi. Kikuku, hirizi, pete, vyote vilianza kwa kuyeyusha malkia. Huko Oman nao walifanya hivyohivyo.

Milimani huku mambo yalikuwa tofauti. Watu wa nyanda za juu hawakuwa washamba wa metali hata kidogo. Ufipa waliyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo zinazompita mtu urefu. Wanyakyusa walivaa pete nzito za shaba ya njano kiunoni, na misafara ya pwani ilipanda na masango, zile nyaya nene za shaba, kama bidhaa ya biashara. Ila fedha ilikuja ikiwa tayari ni hela.

Na hilo neno hela ni la Wajerumani. Kampuni yao ilianza kugonga rupia za Afrika Mashariki mwaka 1890, zikiwa na kaiza Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma yenye tai juu. Mwaka 1904 serikali ikapanga upya, rupia moja ikawa heller 100, na heller ikatulia mdomoni mwa Watanganyika ikawa hela mpaka leo. Rupia ilikuwa mzigo wa kweli: gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1000, sawasawa na rupia ya India. Kodi ya kibanda ilipoanza, 1898, ilikuwa rupia tatu. Piga hesabu: rupia moja ni pete mbili za kiume za wastani, ukiondoa kinachopotea kwenye tupa. Serikali ilikuwa inadai pete sita kila nyumba.

Kuigeuza rupia kuwa pete, hapo ndo pa kukaa kidogo.

Sarafu inawekwa kwenye chungu kidogo kinachovumilia moto, makaa yanazunguka, mvukuto unapuliza. Fedha tupu inayeyuka kwenye nyuzi 962 za sentigredi. Ikishachanganywa na shaba inayeyuka mapema kidogo. Inamiminwa kwenye mfereji wa chuma, inatoka kijiti. Kijiti kinapigwa nyundo. Ukipiga sana fedha inakuwa ngumu, inaanza kupasuka pembeni, kwa hiyo inarudishwa motoni mpaka iwe nyekundu ya mbali, inazimwa kwenye maji, inalainika, inapigwa tena. Halafu inazungushwa kwenye kijiti cha duara, na ncha mbili zinasuguliwa kwa tupa mpaka zikikutanishwa hata mwanga haupiti katikati.

Hapo pana siri ambayo wengi wanaikosea. Lehemu ya fedha haizibi pengo. Si udongo wa kuzibia ukuta. Inapenya kwenye nafasi finyu kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na nafasi ikiwa kubwa inagoma tu. Lehemu yenyewe ni fedha iliyoongezwa shaba na zinki ili iyeyuke kabla ya pete. Fundi anapaka boraksi, poda nyeupe iliyolowekwa, ili kiungo kisishike ukungu wa moto. Anaweka kipande cha lehemu kidogo kuliko punje ya mchele. Halafu anapasha pete nzima. Akielekeza moto kwenye lehemu peke yake, inajikunja kuwa kitone, inakaa palepale inamtazama. Ila pete nzima ikifika joto lake, lehemu inakimbia yenyewe kuingia kwenye kiungo, mstari mweupe unaopita kama umeme, sekunde moja. Hapo moto unatoka. Akichelewa kidogo pete nayo inaanza kung'aa kama maji, inajikusanya, na kilichokuwa pete kinakuwa kishanga.

Kati ya lehemu kuyeyuka na pete kuyeyuka nafasi si kubwa, na sonara wa zamani hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na macho, na pumzi: bomba jembamba mdomoni, anapuliza mwali wa taa kwa mashavu, huku anavuta hewa kwa pua ili upepo usikatike. Jaribu nyumbani hata bila moto uone.

Pete ikitoka pale ni mbaya, nyeusi, utadhani imeokotwa jalalani. Inalowekwa kwenye kitu kikali, asidi, au ndimu na ukwaju kwa asiye na asidi, inageuka nyeupe butu kama chaki. Ndipo msasa unaanza, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya mwenzake. Mwisho kitambaa au ngozi na poda nyekundu. Cha kuchekesha ni kwamba poda hiyo ya kung'arishia, kwa asili yake, ni kutu ya chuma iliyosagwa laini sana.

Na vumbi la tupa? Linafagiliwa, linatunzwa, linayeyushwa tena. Hapo ndo penye lile neno la wizi, na mara nyingine lilikuwa la haki.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokata meli za Wajerumani, hela ziliwaishia. Mwaka 1916 waligonga zao wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli: vipande vya shaba ya njano vya heller, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele na mlima nyuma, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka kama elfu kumi na sita. Leo wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania kwenye minada. Aliyechonga muhuri wa tembo yule alikuwa sonara mwenye asili ya Ceylon, Sri Lanka ya sasa. Kwenye sarafu kuna herufi T ya Tabora. Yake haipo.

Sasa mwizi.

Baada ya vita bei ya fedha duniani ilipaa. Uingereza yenyewe, mwaka 1920, ikapunguza fedha kwenye sarafu zake za nyumbani kutoka 925 mpaka 500. Afrika Mashariki ikaletewa florini, uzito uleule wa rupia, fedha nusu. Haikudumu. Mwaka 1921 ikagongwa shilingi, yenye simba mbele ya milima, fedha sehemu 250 kwa 1000. Robo. Rupia ikahesabiwa sawa na florini moja, na florini sawa na shilingi mbili. Weka kwenye mizani: kwenye rupia ulikuwa na fedha gramu 10.7, kwenye florini gramu 5.8, kwenye shilingi mbili gramu 3.9. Thamani ileile kwa karatasi, ila sarafu imekonda hadi kuonyesha mbavu.

Sokoni shilingi ilinunua chumvi kama kawaida, nani angejua? Anayejua ni yule mwenye makaa. Yeyusha shilingi ile upige nyundo, inatoka metali yenye wekundu, ngumu, na ukiipasha inafunikwa na weusi wa shaba. Sonara aliyezoea rupia hakuhitaji gazeti la serikali. Moto ulishamwambia. Na fikiria mama aliyemletea shilingi za mavuno akitaka pete nyeupe kama ya dada yake ya miaka kumi nyuma, akapewa kitu cha rangi ya machungwa. Nani aliitwa mwizi pale kibarazani? Ukweli mchungu ni kwamba kile alichotuhumiwa nacho sonara kwa kunong'ona, kuchomoa fedha na kujazia shaba, serikali ilikifanya kwa tangazo. Kuanzia 1948 hata ile robo ikaondolewa, shilingi ikawa shaba na nikeli.

Mbeya inaingia katikati ya miaka hiyo. Dhahabu ilionekana mtoni Lupa upande wa Chunya, watu wakafurika, na mwaka 1927 mji wa Mbeya ukaanza kusimama kwa ajili ya dhahabu hiyo. Na dhahabu ya ardhini haiji peke yake, huwa na fedha ndani yake. Kwa mara ya kwanza nyanda za juu zikawa na fedha ambayo haikupita kwanza kwenye sura ya mfalme.

Halafu mafundi wakapungua. Mapinduzi ya Zanzibar 1964 yaliwatawanya wengi, utaifishaji wa majengo 1971 ukaondoa familia nyingi za Kihindi bara, na mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na vito usivyoweza kuvitolea maelezo haikuwa jambo la kuchezea. Kazi ya kufundishwa kwa kukaa pembeni ya mtu miaka mingi haipendi misukosuko ya namna hiyo.

Ndo tunarudi Soweto, mtaa uliobeba jina la Johannesburg. Pete ikikatika sasa hivi, wengi wanaipeleka kwa fundi redio. Jamaa anachukua waya wake wa kuchomea, wa risasi na bati, anabandika, buku mbili, kwisha. Inaonekana imeshika. Ila siku pete hiyo ikipelekwa kwa sonara wa kweli na kupigwa moto, ile risasi inaila fedha, inachimba vishimo kama meno yaliyooza, na mara nyingi hakuna namna ya kuirudisha. Fundi mzuri anaanza kwa kukwangua risasi yote, chembe kwa chembe, kabla hajawasha chochote. Anaweza kuchukua saa nzima, na mteja anaona kama anamcheleweshea makusudi.

Kama unayo pete ya bibi, iangalie kwa ndani. Mstari mwembamba, mweupe kidogo kuliko sehemu nyingine, wakati mwingine unaonekana tu ukiipulizia pumzi ikapata ukungu. Hapo ndipo lehemu ilipokimbia ile sekunde moja. Namba hamna, jina hamna. Na kama pete imefifia kuelekea wekundu, usimlaumu haraka aliyeitengeneza, uliza kwanza ilitengenezwa kabla au baada ya 1921.