Esteban wa Tokyo na Esteban wa Paris

Waungwana, tukijadili tafsiri za filamu huwa tunashika maneno tu: nani kakosea methali, nani kapunguza matusi. Muziki hatuugusi. Hebu tuchukue mfano ambao waliokulia hapa Brussels miaka ya 1980 wanaujua, maana stesheni za Ufaransa zilikuwa zikiingia majumbani kwa kebo.

"Les Mystérieuses Cités d'or" ni katuni ya sehemu 39, kazi ya Wajapani na Wafaransa kwa pamoja, kuhusu mtoto Esteban anayesaka miji ya dhahabu huko Amerika ya karne ya 16. NHK ya Japani ilianza kuionyesha mwaka 1982 ikiwa na muziki wa Nobuyoshi Koshibe. Mwaka uliofuata ikaja Antenne 2 ya Ufaransa. Picha zile zile, lakini muziki wa Koshibe umetolewa, umetiwa wa Haim Saban na Shuki Levy. Si wimbo wa kufungulia tu, hata ule wa chini ya mazungumzo. Yule kondori wa dhahabu anapopaa, Mjapani na Mbelgiji wa rika moja hawakumbuki sauti moja. Kwa sikio langu Koshibe anakaa nyuma ya hadithi. Levy na vinanda vyake vya umeme anatangulia mbele, anakuambia sasa ogopa, sasa furahi. Nakiri anapendeza.

Wengine watasema sababu ni utamaduni, ati mtoto wa Ulaya asingeelewa muziki wa Kijapani. Sikubali. Goldorak ilionyeshwa na Antenne 2 tangu Julai 1978. Nyimbo zikabadilishwa, lakini muziki wa ndani wa Shunsuke Kikuchi ukabaki, na watoto waliipenda kupita kiasi. Tofauti ni hesabu. Saban, aliyekuwa nyuma ya santuri ya Goldorak iliyoimbwa na Noam, alijua kwamba kila kipindi kinaporushwa, mwenye haki za muziki analipwa. Basi yeye na Levy waliwapa watengenezaji wa vipindi muziki kwa bei ya chini kabisa, pengine bure, wakabaki na haki. Esteban alipofika BBC mwaka 1986 kwa Kiingereza, alikuja na muziki wa Paris.

Sasa mlinganishe na Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye wasomi wetu kadhaa wamemcheka kwamba aliharibu filamu za watu. Lufufu alikuwa akisema juu ya filamu, akiongeza chumvi, akimtukana adui. Lakini muziki hakuutupa. Ulisikika chini ya sauti yake, na akinyamaza ulirudi. Kati yake na wale wa Paris, nani kaharibu zaidi?

Nalo neno "asili" lina matata yake. Shemeji yangu, mtoto wa Kizanzibari aliyekulia Muscat, alimjua Goldorak kwa jina la Grendizer, kwa Kiarabu sanifu kilichorekodiwa Lebanon, na wimbo wake ukiimbwa na Sammy Clark. Siku moja nyumbani kwangu alisikia ule wa Kifaransa, akauliza kwa hasira, "Mbona wameuharibu?" Mwanangu akamjibu kwamba wa Kiarabu ndio ulioharibiwa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Wimbo wa Isao Sasaki, ule wa Kijapani uliozitangulia zote mbili, hakuna kati yao aliyewahi kuusikia.